Bwawa dogo la udongo: kwa nini likijaa haliokoi mtu na mafuriko, na ni nini hasa hulipasua

Kila mvua za masika zinapoanza kunyesha Nairobi, mjadala wa mabwawa unarudi. Upande mmoja unasema serikali ijenge mabwawa huko juu, Kikuyu na Dagoretti, maji yanaswe kabla hayajafika Mathare na Mukuru. Upande wa pili unasema hata yaliyopo yabomolewe kabla hayajaua watu. Kila upande una ushahidi wake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 tuta la bwawa la shambani lilipasuka Solai, Nakuru, na watu wasiopungua 47 wakafa. Mei 2024, mafuriko yakiwa yamepamba moto, serikali iliwaamuru wakazi wahame kando ya mabwawa na hifadhi za maji 178 kote nchini.

Katikati ya hofu hiyo likatokea jambo ambalo mpaka leo wengi wanalisimulia visivyo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kwa kishindo hadi Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba hapakuwa na bwawa pale. Kilichokuwapo ni tuta la reli lenye pitio la maji chini yake. Pitio hilo lilizibwa na magogo, mawe na tope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, na mwisho tuta likasalimu amri. Ukilitazama jambo hilo kihandisi, wizara ilisema kweli na wananchi pia hawakukosea sana: tuta lolote lililokatiza bonde, pitio lake likiziba, limeshakuwa bwawa la udongo, tena la aina mbaya kuliko zote, kwa sababu halina mahali palipoandaliwa pa kutokea maji. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Tuta la udongo ni nadra kusukumwa likaanguka kwa uzito wa maji. Huharibiwa na maji yaliyopita mahali ambapo hayakupangiwa kupita.

Tuelewane kwanza kuhusu majina, maana mtaani neno bwawa hubeba kila kitu. Hapa, tuta ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa, uliokatiza bonde. Bwawa ni maji yaliyo nyuma yake. Silanga ni shimo lililochimbwa penye tambarare; halina ukuta mrefu wa kupasuka, na hatari yake kubwa ni watoto kuzama. Sehemu ya juu ya tuta ni mgongo, na pale chini linapokutana na ardhi, upande usio na maji, ni mguu. Utoro ni njia pana iliyochongwa pembeni, kwenye ardhi ya asili, ambako maji ya ziada hutoka bwawa likijaa. Tofauti ya kimo kati ya kizingiti cha utoro na mgongo wa tuta tuiite kimo cha akiba. Majina mawili ya mwisho ndiyo ya kushika sana.

Na dogo ni la kiasi gani? Kanuni za rasilimali za maji za 2007 ziliyapanga mabwawa ya Kenya katika madaraja matatu. La chini kabisa ni lile ambalo kina chake hakifiki mita 5 na ujazo wake hauzidi mita za ujazo 100,000. Kuanzia mita 5 hadi karibu 15 ni daraja la kati, na kuanzia 15 kwenda juu ni makubwa. Mabwawa mengi ya mashamba na ya shule pembezoni mwa Nairobi yamo katika daraja la kwanza. Kwa kulinganisha, Ndakaini, ambalo hubeba sehemu kubwa ya maji ya jiji, lina mita za ujazo milioni 70 na tuta la kimo cha karibu mita 65. Tuta hilo nalo, tangu lilipokamilika mwaka 1994, ni la udongo. Kwa hiyo ile hoja kwamba udongo ni dhaifu na salama ni zege peke yake haina mashiko.

Hesabu ya maji kabla ya hesabu ya fedha

Mtu akikuambia ana bonde zuri la kujenga bwawa, kuna hesabu ya haraka unayoweza kufanya ukiwa umesimama papo hapo. Pima upana wa maji yatakavyokuwa pale kwenye tuta, pima umbali ambao maji yatarudi nyuma bondeni, kisha kadiria kina karibu na tuta. Zidisha vyote vitatu, halafu gawanya kwa 6. Unagawanya kwa 6 kwa sababu bonde ni jembamba chini na kina hupungua kadiri unavyorudi nyuma. Upana wa mita 60, urefu wa mita 200 na kina cha mita 4 vinakupa mita za ujazo 8,000, sawa na maboza 800 ya lita 10,000.

Si haba. Lakini jua nalo lina fungu lake. Uso wa maji hayo, kwa umbo la pembetatu, ni kama mita za mraba 6,000. Kiangazi cha huku kikinyonya milimita 5 kwa siku, kila siku unapoteza boza tatu hata kama hakuna aliyechota tone. Kwa siku 100, nusu mita ya kina imeondoka. Ndiyo maana bwawa jembamba lenye kina ni bora kuliko pana lisilo na kina, hata ujazo ukiwa ule ule.

Sasa njoo kwenye mafuriko. Tuseme eneo linalomwaga maji yake katika bonde hilo ni kilomita 2 za mraba, na imenyesha milimita 60 katika usiku mmoja, mvua kubwa lakini si ya ajabu kwa Nairobi. Jumla ya maji yaliyoanguka ni mita za ujazo 120,000. Ikiwa ardhi ni mashamba na nyasi, tuchukue kwamba asilimia 30 hutiririka na mengine hunywewa na udongo: zinafika bondeni mita za ujazo 36,000. Eneo hilo hilo likijengwa nyumba za mabati, lami na maegesho ya zege, inayotiririka inaweza kufika asilimia 70, yaani 84,000. Bwawa letu la 8,000, hata lingekutwa tupu kabisa, lingejaa mara nne na nusu katika hali ya kwanza, na mara kumi na ushei katika ya pili.

Na si kawaida likutwe tupu. Kwa wiki kadhaa za masika mwenyewe amekuwa akilichunga lijae, kwa sababu alilijenga ili apate maji ya Januari na Februari. Mgongano uko hapo, na wanasiasa huupita kimya wanapoahidi bwawa moja litakalohifadhi maji na kuzuia mafuriko: kuhifadhi kunataka bwawa lijae, kuzuia mafuriko kunataka bwawa liwe na nafasi. Ndoo iliyokwisha kujaa haikingi maji ya paa.

Hilo halimaanishi kwamba bwawa moja haliwezi kufanya kazi mbili. Linaweza, ila nafasi igawanywe tangu kwenye ramani. Sehemu ya chini ni ya akiba ya kiangazi. Juu ya usawa huo unaweka mdomo wa bomba la wima lisilo na vali wala mfuniko, lenye kichujio cha taka tu, linaloteremka na kupita chini ya tuta. Maji yakipanda juu ya mdomo huo, bomba huanza kuyatoa lenyewe, polepole, bila kumngoja mlinzi aamke. Utoro unakaa juu zaidi, tuseme mita moja juu ya mdomo wa bomba. Mita hiyo moja ndiyo chumba cha mafuriko. Katika mfano wetu ina mita za ujazo 7,000 hivi, na bomba la sentimita 30 likitoa wastani wa lita 100 kwa sekunde litaimwaga kwa muda usiofika siku moja, tayari kwa mvua ya usiku unaofuata. Gharama yake ni kwamba tuta lazima lipande mita moja zaidi, na mita ya juu ndiyo ghali kuliko zote.

Faida yake iko wapi ikiwa 7,000 ni kidogo mbele ya 36,000? Iko kwenye muda. Mafuriko ya mjini huua kwa kuwa maji yote hufika kwa pamoja. Ukikata kilele cha mtiririko na kukisambaza kwa saa nyingi, mto unapita ukiwa umejaa lakini haujavunja kingo. Bwawa moja dogo hukata kidogo. Kumi na tano, kila moja kwenye kijito chake, hukata vya kutosha mtu wa bondeni akaona tofauti. Anayesema bwawa moja la shule huko Kikuyu litaiokoa Mathare anadanganya au hajapiga hesabu.

Utoro: hapa ndipo pa kuangalia kwanza

Ukitaka kujua kama bwawa ni salama, wengi hutazama unene wa ukuta. Tazama utoro. Maji yakipita juu ya mgongo wa tuta la udongo, hata kwa kina cha kiganja, huchimba mteremko wa upande wa pili kuanzia chini kurudi juu, na tuta linaweza kukatika ndani ya saa chache. Zege huweza kuvumilia maji kupita juu yake. Udongo hauwezi.

Upana wa utoro si wa kukisia. Hesabu ya kawaida kwa maeneo madogo ni hii: zidisha hekta za eneo linalomwaga maji kwa ukali wa mvua katika milimita kwa saa, kisha kwa sehemu inayotiririka, gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kilomita zetu 2 za mraba ni hekta 200. Mvua ya milimita 40 kwa saa juu ya mashamba, kwa sehemu ya 0.3, inatoa karibu mita za ujazo 6.7 kwa sekunde. Maji yakipita kwenye kizingiti kipana kwa kina cha nusu mita, kila mita ya upana hupitisha takriban mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Kwa hiyo utoro unahitaji mita 11. Juu ya nusu mita hiyo inayotiririka ongeza nusu mita nyingine ya mawimbi na makadirio mabaya, na kimo cha akiba kinakuwa mita moja. Chini ya hapo usikubali.

Rudia hesabu hiyo kwa eneo lililojengwa, kwa sehemu ya 0.7. Mtiririko unapanda hadi 15.6, na utoro unatakiwa kuwa na mita 26. Bwawa halijaguswa, tuta ni lile lile, lakini utoro wa mita 11 umekuwa wa kulisubiri janga. Mabwawa mengi ya zamani ya Kiambu, Karen na Ruiru yalijengwa nyakati za mashamba ya kahawa na ya mifugo. Leo juu yake kuna mitaa. Hatari imeongezwa na watu ambao hata hawajui kwamba kuna bwawa chini yao, na mwenye bwawa naye hajafanya kosa lolote.

Kosa la mwenye bwawa huwa ni jingine. Mwaka wa ukame anaona maji yanapotelea utoroni, anapanga magunia ya mchanga kwenye kizingiti, au anajenga ukuta mdogo wa mawe, apate sentimita 50 zaidi. Anazipata kweli. Ila amezitoa kwenye kimo cha akiba, na siku mvua kubwa ikija maji yatapita juu ya mgongo badala ya utoroni. Wengine wanatega wavu utoroni samaki wasitoroke. Karatasi za plastiki na matawi yanakuja, wavu unageuka ukuta. Hata ua wa nyaya uliokatiza utoro ili kuzuia ng'ombe unaweza kufanya hivyo. Utoro unatakiwa kuwa wazi, umeoteshwa nyasi fupi, na maji yake yarudishwe mtoni mbali na mguu wa tuta.

Udongo wa Nairobi si mmoja

Magharibi na kaskazini mwa jiji kuna udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Kuanzia Embakasi kuelekea Athi River ni ule mweusi, ambao mafundi huuita *black cotton*. Mweusi una mfinyanzi mwingi na unaziba maji vizuri ukiwa umelowa, kwa hiyo watu hudhani ni zawadi. Tatizo linakuja kiangazi: unanywea na kupasuka nyufa zinazoingiza mkono. Bwawa likishuka, mgongo unakauka na kupasuka. Mvua zikirudi, maji yanakuta njia tayari. Kama hakuna udongo mwingine, weka mweusi ndani ya tuta, uufunike kwa changarawe au udongo usionywea, na miteremko iwe ya kulala zaidi. Kuujenga hadi mgongoni na kuuacha wazi ni kujitafutia nyufa.

Mwekundu nao una historia yake. Wahandisi waliokuwa wakijenga bwawa la Sasumua miaka ya 1950, mojawapo ya vyanzo vya maji ya Nairobi, walishtuka kwa vipimo vya maabara: udongo wa pale ulikuwa na unyevu mwingi mno na uzito mdogo mno baada ya kushindiliwa, kinyume na vipimo walivyovizoea Ulaya. Suala hilo lilichunguzwa na Karl Terzaghi, anayehesabiwa kuwa baba wa sayansi ya mekanika ya udongo, naye mwaka 1958 akaeleza kwamba madini ya mfinyanzi ule, haloisaiti, hufanya chembe zishikamane kuwa vijibonge vigumu. Udongo ule, kwa vigezo vya kigeni, ulionekana mbaya. Kumbe ni imara. Tuta lipo mpaka leo. Mhandisi anayekataa udongo mwekundu wa mlimani kwa kusoma jedwali la nchi nyingine anarudia mshtuko wa miaka sabini iliyopita.

Kuna majaribio matatu yasiyohitaji maabara, ingawa hayachukui nafasi yake. Kwanza, lowesha udongo kidogo na uusokote kati ya viganja: ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha kushika maji. Pili, jaza chupa ya kioo theluthi moja kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, acha siku nzima. Mchanga utatua chini, mfinyanzi juu, na kwa tuta la udongo wa aina moja unatafuta mfinyanzi wa asilimia 20 hadi 30. La tatu ndilo watu huliruka, nalo ni muhimu kuliko yote. Dondosha kibonge cha ukubwa wa njegere kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Kikivunjika na kutua chini, sawa. Kikitoa wingu linalotanda kwenye maji na lisitue, udongo huo huyeyuka wenyewe ukiguswa na maji yaliyotulia. Tuta lililojengwa nao huliwa kutoka ndani, na huwezi kuona mpaka siku ya mwisho.

Kulijenga

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 20 hadi 30, kwenye eneo lote litakalokaliwa na tuta. Kisha chimba handaki la msingi katikati, kutoka ukingo hadi ukingo wa bonde, mpaka ufike tabaka lisilopitisha maji na uingie ndani yake angalau nusu mita. Handaki hili hujazwa mfinyanzi ulioshindiliwa na ndilo linalozuia maji kupita chini ya tuta. Wanakandarasi wa haraka hupenda kulipunguza kwa sababu likishafunikwa hakuna anayeliona. Simama hapo siku hiyo.

Kwa maji ya mita 4 na kimo cha akiba cha mita 1, tuta ni la mita 5. Mteremko wa upande wa maji uwe wa mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kupanda. Wa upande mkavu mita 2.5. Mgongo uwe na upana wa mita 3.5. Ukijumlisha, kitako cha tuta ni mita 31. Watu huona ni upotevu, lakini miteremko ya wima zaidi humomonyoka ikilowa. Kwa bonde la mita 70 lenye umbo la V, udongo wote ni takriban mita za ujazo 2,500, pamoja na handaki na nyongeza ya kushuka. Maana yake, kila mita ya ujazo ya udongo imekupa tatu na kidogo za maji. Ukipata chini ya mita moja ya maji kwa kila mita moja ya udongo, tafuta bonde jingine.

Udongo humwagwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, huloweshwa, halafu hushindiliwa kwa rola ya meno mara sita hadi nane. Unyevu ni kitu cha kupimwa kila asubuhi: finya konzi ya udongo, ushikamane bila kulowesha kiganja, na ukiudondosha uvunjike vipande vichache. Ukiwa mkavu, rola hupita juu tu na matundu yanabaki ndani. Tingatinga linalosukuma lundo la mita nzima na kupita juu yake mara mbili halijashindilia chochote, hata kama kwa macho tuta linaonekana zuri. Jenga mgongo kwa kimo cha asilimia 10 zaidi katikati, kwa kuwa udongo utashuka. Tuta lililojengwa sawasawa leo, kesho litakuwa na bonde katikati, na maji yatapita hapo hapo.

Bomba ndilo adui wa ndani. Udongo ni vigumu kushindiliwa chini ya tumbo la bomba, na maji hufuata uwazi huo. Lilaze kwenye mfereji uliochongwa katika ardhi ngumu ya asili, si ndani ya tuta, shindilia kando yake kwa mkono, na kwenye theluthi ya mwisho kuelekea mguu lizungushie mchanga safi. Mchanga huachia maji lakini hukamata chembe za udongo.

Upande wa maji funika kwa mawe dhidi ya mawimbi. Upande mkavu na mgongo otesha nyasi za kikuyu. Miti hapana. Imani kwamba mikaratusi hushikilia tuta imeenea sana, na inaeleweka, kwa kuwa kwenye mteremko wa kawaida mizizi husaidia. Kwenye tuta, mizizi huingia hadi ndani, mti hufa au hukatwa, mizizi huoza na kuacha mirija. Fuko na nungunungu nao hufanya kazi hiyo hiyo bila malipo. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika chini ya tuta, wasikanyage mteremko.

Kuhusu karatasi: kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) na mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa ni lazima hata kwa bwawa la shambani.

Tope, na Bwawa la Nairobi

Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka 1953 kwenye mto Motoine kama akiba ya maji ya kunywa. Siku hizi ukipita hapo unaona uwanja wa kijani wa gugu maji, na chini yake tope na taka za miaka. Mahali palipojaa tope hapana nafasi ya maji, iwe ya akiba au ya mafuriko, kwa hiyo kuhesabu ujazo wa 1953 kama kinga ya leo ni kujidanganya.

Kwa bwawa dogo, tope huzuiwa juu: ukanda wa nyasi wa mita kadhaa kuzunguka bwawa, na kishimo cha kunasa mchanga kwenye mdomo wa kijito, kinachozolewa kila kiangazi. Kufukua bwawa lenyewe kunataka uangalifu. Watu huchimba karibu na tuta kwa kuwa ndipo penye kina, wanatoboa sakafu ya mfinyanzi iliyokuwa ikizuia maji, na msimu unaofuata bwawa halishiki. Acha angalau mita 10 kutoka mguu wa ndani wa tuta, na ukiona rangi ya udongo inageuka kutoka tope kuwa ardhi asili, simama.

Swali la wale wanaouliza mbona Ndakaini imejaa na mabomba ya nyumbani Eastlands ni makavu lina jibu fupi: maji ya Ndakaini lazima yasafishwe Ng'ethu na yapite kwenye mabomba yenye kikomo chake. Bwawa kujaa hakuongezi upana wa bomba.

Kuvuja

Kila tuta la udongo huvuja. Unyevu kwenye mguu, hata kijito chembamba cha maji maangavu, si dalili ya kupasuka. Kipime: kikusanye kwenye mtungi wa lita 20 na uandike umechukua dakika ngapi kujaa, pamoja na kimo cha maji siku hiyo, kila wiki. Maji yakipanda na mvujo ukaongezeka kidogo, ni kawaida. Mvujo ukiongezeka wakati kimo hakijapanda, mwite mhandisi. Na maji yakitoka na rangi ya tope, hata kidogo, tuta linachotwa kutoka ndani.

Hapo kazi ya kwanza ni watu wa chini kuondoka, na chifu, polisi na Msalaba Mwekundu kupitia 1199 kujulishwa. Kisha, kama bwawa lina bomba la chini lenye vali, lifungue. Usizibe tundu la mguuni kwa mfinyanzi au zege. Maji yaliyozibwa hutafuta tundu jingine, pengine kubwa zaidi. Lifunike kwa mchanga mkavu, juu yake kokoto ndogo, juu yake mawe, ili maji yaendelee kutoka lakini yaache udongo ndani.

Ikiwa si dharura na unataka tu kupunguza maji ili ukague, usizidishe sentimita 30 kwa siku. Mteremko wa ndani umelowa kwa miezi. Ukiuondolea ghafla maji yanayouegemea, unaporomoka kuingia bwawani, na tuta lililokuwa zima asubuhi linahitaji tingatinga jioni.